Aliyekuja Ziwani na Shati Jeusi

Je, umewahi kumngojea mtu wako mbele ya watu wasiomtaka, ukamchungulia njiani tangu asubuhi, halafu alipotokea ukatamani asingekuja? Hayo ndiyo yaliyompata Sabine siku ile ya ziwa, tena mchana kweupe, mbele ya kanisa zima.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, joto limekaza kama limefunikwa ndani ya chungu. Waumini wa kanisa lao dogo la Weston walikodi basi la shule, yale ya manjano yenye viti vigumu. Wakapakia masufuria ya sombe ya majani ya muhogo, nyama ya mbuzi iliyolowekwa kwenye vitunguu tangu jana, mifuko ya mkaa, mikeka na spika ya kwaya, wakaiacha Toronto nyuma yao. Walikwenda kaskazini mpaka mji mdogo ulio pembeni ya ziwa, mji uliojengwa zamani na Waskoti. Wajukuu wa Waskoti hao hadi leo hufanya sikukuu yao pale ufukweni kila kiangazi. Wanaume wenye mapaja kama mashina ya miti huvaa sketi za mirabamiraba na kurusha magogo marefu kama nguzo za umeme. Wasichana huruka kwa ncha za vidole juu ya panga zilizopishanishwa majanini. Na vijana hujaza mashavu hewa wakapuliza zumari za mfuko, hizo ambazo mfuko wake hukumbatiwa kwapani kama mtoto mgonjwa.

Zumari hizo ndizo zilizomtia Mama Nicole baridi.

"Sikia," alimwambia binti yake huku wakitandika mkeka chini ya banda la mbao. "Hii si muziki. Ni mwanamke analia."

"Mama, ni michezo yao tu."

"Nakwambia ni mwanamke analia. Mimi sauti za pembeni ya ziwa nazijua."

Sabine alinyoosha pembe ya mkeka. Alijua mama yake anatoka wapi na maneno hayo. Baba yake Sabine alizama katika Ziwa Tanganyika, akitoka Uvira kwenda arusini, na mwili wake haukuonekana hata siku moja. Tangu hapo Mama Nicole na maji mengi hawakupatana. Hata nyumbani kwao, dirisha la sebuleni linalotazama Mto Humber alilitundikia pazia zito, halifunguliwi masika wala kiangazi.

"Nimemuota baba yako," Mama Nicole aliendelea kwa sauti ya chini. "Amesimama majini mpaka magotini. Anaomba shati."

"Shati gani, Mama?"

"Hakusema. Alinyoosha mkono tu."

Ungeuliza, basi mwanamke mwenye hofu namna hii alifuata nini ziwani? Alifuata kikombe.

Upande wa kwao, familia ya mwanamume haivamii tu nyumba ya binti na ndugu zao wote. Kwanza shangazi wa mwanamume humletea binti kinywaji mbele ya watu. Binti akipokea na kunywa, mlango umefunguka, wakwe waje. Asipotaka kunywa, basi aseme sababu, tena kwa kinywa chake mwenyewe, si kwa kumtuma mtu. Zamani kinywaji kilikuwa pombe ya ndizi. Kwa vile hawa ni watu wa kanisa, siku hizi ni maji ya tangawizi, makali mpaka machozi yatoke. Na Mama Carmel, shangazi yake Eustache, kijana aliyetaka kumwoa Sabine, alikuwa ameyatengeneza kwa mkono wake, akayaleta katika chupa iliyofungwa kitambaa cheupe.

Eustache hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi kwenye ghala moja kule Downsview, hakukosa ibada, alibeba masufuria ya akina mama bila kuombwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuwa Haider.

Sabine alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee. Majira ya baridi yaliyopita aliletwa pale mzee mmoja Mhindi wa Tanga, jina lake Anverali, ambaye uzee ulikuwa umemfuta Kiingereza chote kichwani na kumwachia Kiswahili na Kikachi cha kwao. Wauguzi walimwona mkaidi. Sabine alimsalimia "Shikamoo, babu," mzee akaushika mkono wake akalia kama mtoto. Jioni ile mjukuu wake, Haider, alikuja na chupa ya chai ya maziwa, akamkuta babu yake anacheka. Akasimama mlangoni, theluji bado iko mabegani, akimtazama Sabine kwa macho marefu meusi. "Dada," alisema, "umemfanya nini babu yangu?" Mapenzi yalianza hapo, na kila jioni baada ya hapo chai ilikuja na vikombe vitatu.

Sasa Sabine alikuwa amemwambia Haider: njoo ziwani. Simama mbele ya mama yangu, sema nia yako kabla ya kikombe. Na vaa lile shati lako jeupe. Haider alikubali, ila kuhusu shati alinyamaza.

Brice, kaka yake Sabine, alikuwa amewachukua vijana pamoja na Eustache wakapanda boti la kutembeza wageni. Mama Nicole aliligeuzia ziwa mgongo ili asione likiondoka. Ng'ambo, juu ya miti, wingu lilikuwa limeanza kukusanyika, rangi yake kama jeraha lililovilia damu.

Hapo ndipo Haider alipotokea.

Alikuja taratibu kutoka maegesho ya magari, amevaa shati jeusi, suruali nyeusi, viatu vyeusi. Ndevu hajazinyoa. Mkononi anaburuta sanduku la barafu lenye magurudumu. Nyuma yake zumari zilikuwa zinalia, na katikati ya vitenge vyote vile vya rangi ya embe na majani mabichi, alionekana kama shimo linalotembea.

"Mama wee!" Mama Carmel alishika kifua. "Huyu amekuja kuzika nani?"

"Labda amekosea sherehe," mwanamke mmoja alisema, na wengine wakacheka kicheko kifupi kisichotoka tumboni.

Haider aliwaamkia wakubwa wote, "Shikamooni," kisha akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na chupa za maji, baridi mpaka zinatoa moshi. Akaanza kugawa, kwanza kwa watoto, hasemi neno, haombi kitu. Mtoto mmoja alikuwa ameshafungua kizibo, mama yake akampiga kofi la mkono, chupa ikaanguka nyasini ikatapika maji yote.

"Hapana kunywa!" alisema Mama Carmel. "Mtu gani anavaa msiba, anakuja kwenye furaha ya watu, anawapa watoto maji bure? Ju ya nini?"

Chupa zikarudishwa moja moja, zikapangwa mezani, zikabaki hapo zikitoka jasho. Mama Nicole hakuziangalia chupa. Alikuwa anaangalia shati.

Sabine alimshika Haider mkono wa shati akamvuta mpaka mwisho wa gati la mbao.

"Nilikwambia uvae jeupe."

"Siwezi, Sabine. Si siku hizi."

"Siku hizi zina nini?"

"Tuko msibani."

"Babu? Jana nimemlisha uji mwenyewe!"

"Babu mzima. Ni msiba wa Imamu Hussein."

"Oh. Pole, jamani." Akamgusa shavu. "Pole sana. Alifariki lini?"

Haider alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake mzazi. "Zamani."

"Zamani lini? Wakati wa baridi?"

"Sabine... inapita miaka elfu moja na mia tatu."

Mkono ukatoka shavuni. "Unanifanyia mchezo."

"Wallahi sifanyi mchezo."

"Mimi nasimama hapa, kikombe kinaningojea pale, wewe unaniletea maiti wa miaka elfu?"

"Tafadhali, usimwite hivyo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini Sabine alihisi amekanyaga mahali pasipokanyagwa. "Nilidhani unajua. Kwetu hata mtoto anajua, sikuwaza kwamba kuna mtu wa kuelezwa. Ni Muharram. Miezi hii miwili, huu na unaofuata, hatuoi, hatuposi, neno la arusi halitajwi nyumbani. Nikimposa binti ya mtu leo, nitakuwa nimeianza ndoa yangu kwa kuwavunjia heshima watu wa nyumba ya Mtume. Mwanzo kama huo siutaki, kwako wewe siutaki. Nipe miezi hii ipite."

"Kikombe hakina miezi miwili. Kikombe ni leo."

"Basi wewe sema."

"Mimi?" Sabine alicheka bila furaha. Katika maisha yake yote alikuwa amemjibu mama yake neno moja tu, ndiyo Mama. Ndiyo Mama, nitaenda shule ile. Ndiyo Mama, nitafanya kazi zamu mbili. Mwanamke aliyepoteza kila kitu, unamwambiaje hapana? "Na mama yako wewe? Anajua uko wapi?"

"Anajua nimekuja kugawa maji. Ni desturi yetu siku hizi. Sikumdanganya."

"Jina langu analijua?"

Haider alitazama ziwani. Maji yalikuwa yametulia vibaya, mazito kama mafuta, na upepo ulikuwa umekata ghafla mpaka bendera za Waskoti zikaninginia kama nguo zilizosahauliwa kambani.

"Nimekuuliza, Haider. Analijua?"

"Bado."

"Kumbe." Sabine alirudi nyuma hatua moja. "Kumbe mimi ndiye wa kufichwa. Bon. Kaa na msiba wako."

Akageuka aende zake, na wakati huohuo king'ora kikalia ufukweni, kirefu, cha kuita mashua zote zirudi.

Mvua haikuja kwa matone. Ilikuja ng'ambo ikiwa ukuta mweupe, ikatembea juu ya ziwa na kulimeza. Watu walikimbilia banda, wakajazana na masufuria yao. Zumari zilikatika katikati ya wimbo. Radi ilipiga, spika ya kwaya ikatoa mlio ikazima. Na mashua ziliporudi moja baada ya nyingine, watu walizihesabu kwa macho, na boti la akina Brice halikuwamo.

Mama Nicole alisimama ukingoni mwa banda, vidole vimeng'ang'ania nguzo. "Mtoto wangu yuko majini," alisema. Hakupiga kelele, akarudia tu, "Mtoto wangu yuko majini."

"Eustache wangu pia yuko huko," Mama Carmel alisema, na macho yake yakatafuta mpaka yakampata Haider. Alikuwa amesimama nje, kwenye mvua, maana hakuna aliyemsogezea nafasi. "Ni yule! Ametuletea kilio kutoka kwao! Mfukuzeni arudi na maji yake!"

Wanaume wawili walisogea. Lakini Mama Nicole alikuwa ametangulia. Alitoka nje kwenye mvua na kitenge chake kizuri, akaenda kusimama mbele ya kijana, karibu kabisa.

"Wewe. Unamlilia nani mpaka umekuja na hiyo shati mbele yangu?"

"Mama, naomba radhi. Namlilia mtu aliyenyimwa maji." Mvua ilimtiririka usoni, hukuweza kujua ipi mvua lipi chozi. "Yeye na watoto wake. Mto uko pale, wanauona, wakakatazwa kuufikia mpaka wakauawa na kiu yao. Kwa hiyo siku hizi tunagawa maji. Wanawake wao walibaki, wakatembezwa nchi kwa nchi na watoto mgongoni."

"Na mwili wake?"

"Uliachwa mchangani. Hawakumzika."

"Hawakumzika."

"Si siku ile, Mama. Ulikaa juani siku kadhaa. Ndiyo maana mpaka leo hatujaacha kulia. Kila mwaka tunalia upya."

Mama Nicole alisimama palepale, mvua ikimpiga mabegani. Chini ya banda watu hawakuelewa anangoja nini.

"Mimi waliniambia niache," alisema hatimaye. "Siku arobaini zilipokwisha. Walisema, Nicole, unalilia nini, hata kaburi hakuna. Wakasema nitavuta kifo kwa watoto." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ningejua kuna watu wanaruhusiwa kulia kila mwaka, ningekuja kwenu zamani."

Kisha akamshika kijana mkono, akamwingiza bandani, akawasukuma watu kwa kiwiko mpaka ikapatikana nafasi. Alichukua chupa moja ya maji pale mezani, akaifungua, akanywa mpaka nusu, macho yake kwenye ziwa. Mtoto yule wa kofi naye akachukua yake.

Lakini ziwa lilikuwa bado jeupe, na boti halikuwamo.

Mama Carmel hakuwa mtu wa kushindwa. Alifungua kitambaa cheupe, akamimina tangawizi kikombeni. "Wapendwa," alisema kwa sauti ya maombi, "adui anataka kuharibu siku hii. Tumfunge. Jambo jema likikamilika, Bwana ataturudishia watoto. Sabine, mwanangu, pokea. Kunywa, ili kaka yako arudi."

Ni maneno gani hayo ya kumwambia msichana, na kaka yake yuko kwenye dhoruba? Watu wote walimgeukia. Sabine aliona mikono yake mwenyewe inanyooka kama ya mtu mwingine, ikapokea kikombe. Harufu ya tangawizi ikampanda puani. Alifikiria Brice, anavyocheka na pengo lake. Alifikiria baba akiomba shati. Akainua kikombe mpaka mdomoni, na juu ya ukingo wake macho yake yakakutana na ya Haider.

Haider hakutikisa kichwa wala hakuinua mkono. Alimtazama tu, kama jioni ile ya theluji mlangoni, halafu akainamisha uso. Neno la posa hakuruhusiwa kulisema siku ile, na alichagua kulinyamazia hata kama kimya hicho kingemkosesha Sabine. Na Sabine, aliyekuwa amemkasirikia kwa ukimya huo, ghafla alimwona alivyo: mtu asiyeweza kumwacha wake, hata baada ya miaka elfu.

"Taa!" mtu alipiga kelele. "Taa ile pale!"

Boti lilitoka ndani ya mvua likiyumba, taa yake ndogo ikipanda na kushuka. Akina mama walikimbilia gati wakipiga vigelegele vya kulia. Brice alishuka wa kwanza, amelowa chapachapa, ameng'ang'ania jaketi la kuokolea mpaka vidole vimekufa ganzi; nyuma yake Eustache, amembeba msichana mmoja wa kwaya aliyetapika njia nzima. Mama Nicole alimkamata mwanawe masikio yote mawili, akamtukana, akambusu, akamtukana tena.

Waliporudi bandani, Mama Carmel alikuwa bado amesimama palepale, ameshika kiwiko cha Sabine.

"Mmeona?" alitangaza. "Ameshika kikombe tu, ziwa limewaachia. Je, akinywa? Sabine, maliza kazi ya Bwana. Ama unataka huyu uliyejificha naye gatini akufunike kichwa, akubadilishe dini, akufungie ndani kwa mama yake ambaye hatakutaka?"

Eustache alitazama vidole vya miguu yake. "Shangazi, muache apumue kwanza," alinong'ona, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Radi ilipiga tena, safari hii mbali kidogo. Mbali, lakini wingu lingine lilikuwa linakuja nyuma ya lile la kwanza, na kila mtu aliliona. Sabine alimtazama mama yake. Alikuwa anangojea macho ya kila siku, yale yanayosema kubali tu mwanangu, tupumzike. Hakuyakuta. Mama Nicole alikuwa amechoka, kitenge kimemgandama mwilini, mkono mmoja bado umeshika kola ya Brice.

"Kunywa, ama sema," alisema Mama Nicole. "Mimi leo sikusemei."

Sabine aliweka kikombe mezani. Kilikuwa kimejaa, tangawizi ikamwagika kidogo juu ya kitambaa cheupe ikakifanya cha manjano. Aliongea kwanza na Eustache, kwa sababu ndiyo heshima.

"Kaka Eustache, nisamehe. Umewatunza watoto wetu kwenye maji, Mungu akulipe. Mama Carmel, nawe nisamehe, tangawizi yako ni nzuri, ila siwezi kuinywa." Akavuta pumzi. "Mlisema asiyekunywa aseme sababu. Sababu ni huyu aliyelowa. Yeye leo haruhusiwi kusema, basi nitasema mimi. Kama mama yake hajui jina langu, nitaenda kubisha mlangoni kwake nilitaje mwenyewe. Kama atanifukuza, nitajua nimefukuzwa na nani. Na mambo ya dini tutakaa chini tuyazungumze, mimi na yeye, si hapa." Akamgeukia mwanamke aliyemzaa, na machozi yakaanza kushuka, lakini sauti haikukatika. "Mama, namngoja mpaka avue hiyo nyeusi. Miezi miwili, ama zaidi. Sitaki Eustache, sitaki mwingine. Namtaka Haider. Nataka kuolewa na yeye, Mama. Nilitaka kukwambia tangu siku nyingi."